Tabaka la Nne

Wiesiek, fundi wa Radom ametaja bei:
nusu siku, mchanga na kompresa,
na Nysa ya baba itatoka uchi, kijivu,
mithili ya samaki aliyeparwa magamba.
Jioni ileile ataipaka rangi ya msingi,
kwa kuwa Novemba ya huku haina subira:
chuma kikilala uchi usiku mmoja
asubuhi kimeota ukungu wa kutu.

Nimemwambia anipe wiki.

Kisingizio nilimpa kimoja, cha bamba:
mlango ni mwembamba, mchanga utaupasha moto,
utabonyea hapa, utavimba pale.
Akanipa soda ya unga. Soda ni mpole,
ila hula rangi ikaiachia kutu karamu yake,
nayo kutu tunayo: majira thelathini ya chumvi ya barabarani
yametafuna vizingiti, na juu ya gurudumu
rangi imefura malengelenge.
Nilitoboa moja kwa kucha. Kidole kikapita hadi ndani.
Mficha maradhi, unajua mwenyewe yanayomfika.

Sasa sababu yenyewe.

Jumapili nilijaribu kikwaruzo kwenye mlango wa nyuma,
sehemu ndogo, kiasi cha kiganja.
Kwanza kahawia, ile baba aliyoipaka kwa brashi
nawe ukamshikia kopo, nyuzi za brashi zimo bado.
Chini yake rangi ya malai ya mwokaji:
hapo hakusema uongo, kwa mwokaji alilinunua.
Kisha puti, ngumu kama jibini la zamani.
Kisha buluu.
Buluu ile, Wiesiek, na mstari mweupe kiunoni,
na juu ya mstari herufi M, kisha I,
kisha nikaweka kikwaruzo chini
nikaenda kunawa mikono isiyokuwa na kitu.

Magari yao yaliuzwa mengi, najua.
Mwokaji aliweza kulipata mnadani kama yeyote.
Lakini siku baba aliyolileta nyumbani
aliipata gia ya pili bila kuipapasa,
akaupiga goti mlango unaokwama, mara moja, pale penyewe,
kama mtu anayejua gizani ngazi ipi hulia.
Sisi tulipiga makofi.

Basi nimeamua hivi.
Chasisi na sakafu, fundi achukue, apige mchanga apendavyo.
Bawaba zimelala kwenye ndoo ya molasi.
Vipande vidogo viko bafuni, maji ya magadi, chaja ya betri,
vinatoa povu usiku kucha, na mama ananung'unika.
Milango nimeing'oa. Iko juu ya meza ya jikoni.
Hiyo nitaipaka jeli, niifunike nailoni,
dakika arobaini, kisha kikwaruzo cha mti,
tabaka moja kwa siku moja, bila kuruka.
Mchanga ungemaliza yote kabla ya chakula cha mchana
na kilichoandikwa kingebaki vumbi kwenye barakoa ya mgeni.

Njoo na glavu nene. Zile za bei ya chini
dawa imezitoboa, kidole gumba kinawaka bado.
Na kama hutaki kuona, niambie kabla ya Jumatano.
Jeli ikishapakwa hairudi koponi.