Mbuzi Akiwa Kwenye Gunia Hachechemei

Lusajo alikuja na projekta, akaomba pazia lishushwe.
Ukutani, juu ya magunia ya saruji,
likawaka duka lisilo na vumbi:
wateja watatu, wote wamelipa,
misumari imehesabika mmoja mmoja,
faida inapanda ngazi za kijani.
Kidole chake hakikukosea hata mara moja.
Nikamuuliza: na yule anayebeba bati leo
akasema tutaonana mnada wa kahawa ukishapita?
Akatabasamu. Hilo, mama, tutaligusa mwishoni.
Mwisho ulipofika alikuwa anakunja waya.

Kampuni nyingine haikutuma mtu.
Ilituma linki, na siku kumi na nne za bure.
Hakuna soda ya kumnunulia mgeni,
hakuna wa kumuuliza.

Usiku wa kwanza, Kiboriloni imelala, nimevaa koti,
niliandika jina la duka langu mwenyewe
nikalikosea.
Usiku wa tatu ikataka aina ya kipimo.
Nikaandika: konzi.
Ikakataa. Kilo, mita, lita, kipande.
Miaka kumi na tisa nauza misumari ya kuezekea kwa konzi.

Wa tano, umeme ulikatika.
Wa sita hadi wa nane lori la saruji lilikuwa linashusha,
siku za bure zikapita zikiniangalia.

Wa tisa, Kundaeli wa stoo
akabonyeza mahali nilipokuwa nikipaogopa.
Kumbe madeni yalikuwa humo, yamekaa kimya.
Tukamwingiza fundi Shirima, bati kumi na mbili.
Tarehe ya kulipa?
Haikubali nafasi tupu.
Kundaeli akaandika thelathini na moja Desemba,
akaniuliza, mwaka gani, mama?
Tukacheka mpaka mlinzi akagonga mlango.

Siku ya kumi na nne kioo kikawa kijivu:
muda wako umekwisha.
Kama mwenyeji aliyekukaribisha chakula
kisha akakunyang'anya kijiko.
Deni la Shirima lilibaki humo ndani.
Na humu kichwani. Humu hamkatiki umeme.

Asubuhi nikampigia Lusajo.
Alitaja punguzo kabla ya salamu.
Nikamwambia, projekta iache Dar.
Njoo Jumamosi, saa mbili, soko limechemka,
ukalie stuli hii, mashine yako mapajani,
umuuzie misumari konzi moja
mwanamke mwenye mtoto mgongoni na noti iliyochanika,
nyuma yake watu saba,
wa nane Shirima, amefuata bati nyingine.

Kimya. Nikasikia honi za huko kwao.
Kisha akauliza, kwa sauti ambayo ile siku ya pazia hakuja nayo,
"Konzi moja ni misumari mingapi?"

Inategemea, nikamwambia, mkono wa nani.