Paundi Tatu

Gari nililinunua Dalvík, kwa mwanamke aliyehesabu noti
kwa mkono mmoja, wa pili umemshika mbwa.
Patroli ya dizeli, kutu imekula sakafu
mpaka ukiinama unaiona barabara unayoiacha.
Miaka arobaini na minne, mpishi wa shule,
leseni safi kama sahani,
sikuwahi kutoka nje ya lami ila kwa bahati mbaya.

"Unataka kwenda wapi, Steinvör?"
aliniuliza Hafliði, fundi wa nyuma ya kiwanda cha samaki.
Nikaonyesha kwa kidevu: kule juu, kwenye barafu.
Akacheka puani.
"Kule hakwendi mtu. Kule mtu huruhusiwa."

Akawasha grenda.
Kukata madigadi ya gari lako mwenyewe
ni kama kumnyoa mtoto nywele za kwanza:
mlio, cheche, na moyo unauliza kama zitaota.
Tulikata hadi tairi la inchi thelathini na nane
likazunguka bila kugusa kitu.
Tukainua bodi, tukabadili springi,
shokomzoba, meno ya difu.
Januari nzima nililala chali juu ya kadibodi,
oili ikinidondokea shavuni.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame, sawa,
lakini hakuna aliyenionya
kwamba mvungu una baridi kiasi kile.

Nilikuwa na orodha:
winchi, taa sita za paa, bampa la kutishia ng'ombe.
Hafliði akaifuta kwa kidole chenye grisi.
Akaniachia koleo, kamba,
na kipima upepo kidogo kama saa ya mfukoni.
"Injini yako ni hii," akasema,
nami nikadhani ni mzaha wa mtu aliyechoka.

Machi tukaondoka kungali giza, magari matatu.
Nyuma yangu Eydís, na baba yake Ketill
aliyelala safari nzima, mdomo wazi.
Mto wa kwanza haukuganda.
Nilikwisha kutia gia redio ilipokoroma:
"Zima. Shuka. Utembee kwanza."
Nikaingia kwa miguu, koleo likiwa fimbo,
maji yakinibana magoti kama mdai.
Palipotulia na kung'aa, koleo lilizama lote.
Palipopiga kelele palikuwa na mawe,
na penye mawe pana njia.
Nikavuka kwa gia ya kwanza,
wimbi dogo likitangulia bampa;
sikulikimbiza, sikuliacha linitoroke.

Kwenye mawe ya volkeno tulishika njia iliyochorwa,
hatukukanyaga kuvumwani hata kwa ukingo wa tairi.
"Alama yako ya leo," alisema Eydís,
"wajukuu wako wataisoma."

Kisha theluji.
Nikakanyaga mafuta, kama kila mwenye hofu,
na Patroli ikajichimbia kaburi hadi ekseli.
Hafliði hakuleta kamba.
Alipiga goti penye valvu. "Toa."
Ishirini na tano. Kumi na tano. "Toa."
Nane. Tairi likakunjamana kama shavu la bibi.
"Litachomoka kwenye rimu!"
"Toa."
Tano.
Upepo ulitoka ukilia kwa sauti nyembamba,
na mimi, niliyelipa mshahara wa majira mawili
kuongeza, kuinua, kupanua,
nikachutama pale nikisikiliza kikipungua
kitu nisichowahi kukihesabu.
Tatu.

Gari likapanda juu ya theluji
kama paka anayepanda kitanda cha mgonjwa.

Jioni, kituo cha mafuta, najaza upepo wa lami.
Kijana mmoja, gari jipya, karatasi mkononi
yenye winchi, yenye taa nane,
ananiuliza aanze na nini.
Namtazama suruali. Haina doa.
Nafungua mlango wa nyuma,
nampa kadibodi.