Kadi ya Kumi na Tatu

Theluji bado imelala chini ya dirisha,
kijivu, kama mbwa mzee asiyetaka kuamshwa,
na kalenda ya benki inadai ni Aprili.
Huku kaskazini ya Minnesota kalenda husema mengi.
Nimetandaza magazeti juu ya meza ya jikoni,
nimejaza maji kikombe kilichovunjika mkono.
Majira ya kuchipua yakikawia,
nitayakata kwa karatasi.

Kwanza vyuma,
vyembamba kama wembe, kila kimoja kimepindwa kufuata umbo lake:
dafodili, jani la mwaloni, ndege aliyeinua mkia.
Chuma juu ya karatasi, plastiki chini, plastiki juu,
naisukumia mashine mdomoni, nazungusha mpini.
Kra. Kra. Kra.
Bega la kulia linanung'unika,
bega lililobeba mfuko wa posta miaka thelathini na mmoja:
madeni ya watu, mapenzi ya watu,
habari za misiba zenye bahasha nyembamba,
nami nikirudi nyumbani nakuta bili ya umeme.

Ua linatoka zima.
Tundu lake linabaki.
Situpi matundu, nayaweka kwenye kopo la biskuti.
Harriet wa kanisani aliniuliza, haya mabaki ya nini?
Nikamwambia, ua limeondoka, lakini lilipokuwa panajulikana.
Alinitazama kidogo,
kisha akaomba gundi.

Muhuri nimeuchonga mwenyewe, kwenye kifutio kikubwa cha shule.
Nilisahau kuwa muhuri husoma kama kioo,
HERI yangu ikatoka IREH.
Hiyo nimempa Torsten, mjukuu wangu wa miaka sita.
Yeye ndivyo anavyoandika,
ataona hatimaye bibi amejifunza.

Sasa rangi.
Rangi ya maji haipokei amri.
Unalowesha karatasi kwanza,
unagusa kwa ncha ya brashi, manjano kidogo tu,
halafu unaondoa mkono.
Hapo ndipo penye kazi: kuondoa mkono.
Manjano inatembea, inakutana na buluu,
na kijani kinazaliwa mahali ambapo sikukiweka.

Kadi kumi na mbili zimepangwa kwenye ukingo wa dirisha.
Ya Duane wa duka la misumari, aliyemzika mkewe Februari,
haina ndege wala maneno, ina jani moja tu.
Watu wengi watamwandikia maneno.

Ya kumi na tatu ni ya Ardis.
Dada yangu. Bismarck, saa sita kwa gari,
miaka tisa kwa ukimya.
Tuligombania kabati la mama
siku ambayo maua ya kaburini hayajanyauka,
nami nikashinda.
Kabati liko nyuma yangu hapa ninapoandika.

Nilimchagulia dafodili lililokatika vizuri kuliko yote,
nikalibandika kwa kibanio cha nyusi, nimezuia pumzi,
na tone la buluu likadondoka kutoka kwenye brashi,
pwa, katikati ya nafasi ya maneno.
Nikalifuta kwa karatasi ya chooni. Likageuka wingu.
Kadi nyeupe ninazo, ningeweza kuanza upya.
Sikuanza.
Nikaandika pembeni mwa wingu, kwa kalamu ya kawaida:

Ardis,
mlango wa kushoto bado haufungi.
Mama aliukunjia gazeti, unakumbuka?
Gazeti bado lipo.
Marlys.

Njia yake naijua kama mistari ya kiganja changu.
Gari la posta huondoka saa kumi na robo.
Usiku barua huchambuliwa Fargo.
Alhamisi, mtu nisiyemjua, mwenye bega linalouma,
ataiingiza kwenye sanduku lake.
Baada ya hapo hata posta haijui.

Maji yameikunja karatasi pembe moja.
Nimeilaza chini ya kamusi.
Kesho itakuwa imenyooka,
au niitume hivyo hivyo.