Miiko Miwili

Kunde za Muheza zina mchanga kuliko kunde.
Naziambia hivyo nikizipepeta,
nazo zinanitazama tu, kila moja na jicho lake jeusi,
jicho lisilo na kijicho.
Nimeziloweka tangu jana magharibi.
Asubuhi zimevimba, zimevua nusu ya maganda,
maji yamekuwa rangi ya chai iliyosahauliwa.

Leo ni tarehe moja Januari na Pongwe haijaamka.
Baba, Nandonde mkata mkonge, alikuwa akisema
mwaka usioanza na kunde
una njaa iliyojificha ndani.
Sijui neno hilo alilitoa wapi.
Labda kambini. Labda tumboni mwake.

Sufuria zetu ni mbili: duka moja, siku moja, bei moja.
Mama aliifunga moja singa ya mkonge sikioni,
hiyo ya kitimoto.
Yenye masikio matupu
ndiyo ya sahani ya Bi Mwanatumu.

Mafuta ya nguruwe yakianza kuimba
Bi Mwanatumu hufunga dirisha.
Hafungi kwa hasira.
Hufunga kama mtu anavyogeuza uso
mwenzake akibadili nguo.
Yakinyamaza, hufungua:
“Kasimele umeiweka kando?
Usiitie mapema, tui litakatika!”
Mbuzi ya kukunia nazi ni yake pia, imehamia kwetu siku nyingi.
Kwa hiyo mbuzi wake na nguruwe wetu
wamelala jiko moja miaka thelathini na moja
na hatujawahi kuwasikia wakigombana.

Jana usiku nilisugua sufuria kwa jivu,
simu imebanwa begani, dada yangu akilalamika toka Korogwe,
na ile singa ikabaki mkononi mwangu,
imeoza, nyepesi kama unywele wa mzee.
Nilipoangalia chini
sufuria zilikuwa pacha, zinang'aa, hazina habari.
Nikazinusa. Zote zilinuka sabuni.

Ningeweza kunyamaza.
Kunde zina macho, mdomo hazina.
Ningechagua moja, nikafunga kamba mpya,
nikabeba sahani yenye kifuniko cha kawa
hadi mlangoni pake, na “heri ya mwaka” juu.

Alfajiri nikasimama kwenye michongoma.
“Bi Mwanatumu. Kamba imekatika.
Sizijui tena sufuria zangu.”

Kimya.
Kuku wake akapita katikati yetu, akakanyaga kimya hicho, akaenda zake.
Nikasikia vyombo vikigongana ndani.
Nikafikiri: basi, naikusanya miaka thelathini na moja
kama anavyoikusanya yeye vyombo vile.

Akatoka na sufuria yenye kovu tumboni, haina mfuniko,
na mwiko wa mfenesi, bado wa manjano, haujawahi kuonja kitu.
“Hii ibaki huko kwako. Isirudi.
Na mwiko huu usije ukanifanyia safari.”

Mwiko umekuja kulinda mwiko.
Nilitaka kumwambia hilo tucheke
lakini alikwisha kugeuka, anamfokea kuku.

Sasa majiko mawili yanawaka.
Mchele wa Mombo nimeuosha mara tatu.
Sufuria yake nimeifunika bati, makaa juu,
ndani yake kunde, wali, tui, na kitunguu kimoja kilichokatwa na kisu kipya
nilichokimbilia kwa Mhina dukani, nikamgongea amelala.
Chumvi natoa mfuko uleule.
Chumvi hakuna aliyewahi kuiuliza dini.

Upande wa pili kikaango kinapata moto,
vipande vya baba, vyenye ngozi, vinasubiri kwenye sinia.
Dirisha lake li wazi.
Sijui amesahau, au ananingoja.
Napunguza makaa kidogo.
Nakohoa, kwa nguvu,
kama mtu anayepiga hodi
akiwa ndani ya nyumba yake mwenyewe.