Nukta Zilizopeperuka

Fetlar, kisiwa kidogo,
upepo wake ni mbogo,
hukusukuma kisogo,
ndiko Osla kaandika.

Darasani wapo sita,
mwalimu wao wamwita
Bwana Tulloch. Hakusita
karatasi kuishika.

Kavuta pumzi moja,
akasoma kwa pamoja
hadithi yenye kioja,
tazama ilivyotoka:

*Bibi alipika kondoo walitoroka lango lilikuwa wazi babu alikimbia kofia iliruka mbwa aliifukuza alianguka matopeni tulicheka alikasirika tulimpa supu alifurahi*

Pumzi zikamwishia,
macho yakamfifia,
kitini kaangukia,
watoto wakamcheka.

"Kondoo wamepikwaje,
halafu watorokeje?
Kofia supu inyweje?
Osla, nani kaanguka?"

"Upepo," Osla kajibu,
"ulipita kwa karibu,
nukta zangu, taratibu,
zikapaa, zikaruka."

Osla kafikiri sana,
kila pengo kaweka "na":
na… na… na… na… na… na… na… na…
injini isiyowaka!

"'Na' ni gundi, gundi njema,"
Bwana Tulloch akasema,
"lakini haitasema
kwa nini mtu kacheka.

"Ukiulizwa sababu,
'kwa sababu' ni jawabu;
'lakini' ni ya ajabu,
katikati hugeuka.

"'Kwa hiyo' hutoa tunda
la jambo ulilounda.
Weka nukta, piga funda
la hewa, ndipo ondoka."

Magnie naye kadakia:
"Na 'au' yagawa njia!
Supu, au kukimbia,
kulia au kucheka!"

Kafuta, kisha kashona
kila pindo, kila kona,
sentensi zikaja pona;
sasa hivi zasomeka:

*Bibi alikuwa akipika huku kondoo wakitoroka, kwa sababu lango lilikuwa wazi. Babu alikimbia, lakini kofia yake iliruka. Mbwa aliifukuza, na babu akaanguka matopeni. Tulicheka, kwa hiyo alikasirika, lakini tulipompa supu alifurahi.*

Akasoma hadi chini,
pumzi tele mwilini,
akauliza: "Lakini…
kondoo hawajafika?"

Dirishani: "Mee!" Wamefika.