Malenga

Nilipofika Handali, mwezi wa kumi,
vumbi likiwa limenitangulia hadi kwenye kola,
nilisimama mbele ya darasa la sita
nikajitaja kama tunavyojitaja kwetu Pangani:
Mimi ndiye mwalimu wenu wa Kiswahili.
Tena, ni malenga.

Kimya. Kisha dawati la nyuma likaangua kicheko,
kikaruka dawati hadi dawati,
na Nyemo, binti Chilongani, akatoka bila ruhusa
akarudi na kopo, kalishika kwa mikono miwili.
Pole mwalimu, akasema. Hayajachemshwa.

Kwa Kigogo, malenga ni maji.

Nikanywa. Nifanyeje?
Yalikuwa na magadi, na uvuguvugu wa jua la saa saba.

Nilikuwa na daftari la tungo mia na mbili,
nyingi za mapenzi,
tatu za kuwasifu wakuu wa wilaya waliokwisha hamishwa.
Hakuna aliyenidokeza kwamba neno
nililolivaa kama kanzu ya Idi
huku linabebwa kichwani, lita ishirini,
linauzwa shilingi hamsini kwa dumu,
na likimwagika, mtoto halali ndani.

Jioni nikaenda bombani na ndoo yangu mpya.
Mama Ndahani, mwenye ufunguo,
alikwisha pata habari. Akanipima toka viatu.
Ndiye wewe malenga?
Ndiye.
Basi mwagika tuone.

Parmuat, aliyekuwa akisubiri kunywesha mbuzi,
akacheka mpaka akashikilia fimbo.
Sisi tunasema *enkare*, akasema.
Hilo lenu mimi silijui. Gombaneni wenyewe.

Usiku nikawasha kibatari, nikahesabu mizani
kama wao wanavyohesabu madumu,
nane huku, nane kule, pasipungue tone:

*Naliitwa jina langu, likaja ndani ya kopo,*
*Nikalinywa kinywa changu, chumvi yake bado ipo,*
*Si la kwangu peke yangu, kila kinywa lake lipo,*

na mstari wa nne ukagoma.
Nikaubembeleza. Nikaufuta mara sita.
Mafuta yakaisha kabla yake.

Saa kumi alfajiri bomba likakohoa,
kijiji kizima kikasikia.
Nikaacha kalamu, nikachukua dumu.
Foleni ilikuwa ndefu tayari, vichwa vimefunikwa khanga,
upepo wa Dodoma ule usiojua adabu.
Mtu mmoja, nyuma kabisa, gizani,
akapaza sauti: Malenga yapo?

Na mimi, mwalimu wa sarufi,
mimi ninayekata alama mbili kwa kosa la ngeli,
nikasikia *yupo*.

Nikaitika.