Wivu Wako Joto Lako

Guraya, mwezi wa pili, saa nane mchana.
Mabati yaalika kama vidole.
Stima imekwenda tangu alfajiri
na pangaboi limetanua mbawa zake tatu
kama kunguru aliyekufa.
Nimefungua mlango wa mbele na wa uani,
nimeshusha pazia upande wa jua,
nimemwaga maji ya kisima sakafuni:
chumvi yake hubaki, ubaridi wake haubaki.
Watoto nimewavua mashati, wamelala ukumbini,
na kila anayelalama nampa kikombe
kabla hajamaliza kulalama.

Nyuma ya ukuta, kwa Saumu, kimya.
Mimi na Saumu hatusemezani.
Ni habari ya kamba ya kuanikia nguo, mwaka juzi,
na maneno yaliyoanikwa papo hapo kambani.
Nilinunua leso kwa ajili yake,
nikawa nampitia mlangoni kutwa mara tatu,
jina limenikaa kiunoni:
WIVU WAKO JOTO LAKO.
Naye akanijibu kwa leso yake. Sitaisoma hapa.

Babake, Mbwarali, yuko orofani
katika chumba kilichobandikwa chini ya bati.
Karani wa bandari zamani, hata leo
hufunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.
Kikombe hukikwepa.
"Maji yashuka," husema, "na mimi sishuki."
Ngazi kumi na nne mpaka chooni,
na goti zima ni moja.
Basi hunywa chai vidole viwili, asubuhi,
iliyobaki akaihesabu siku kwa kiu.

Siku hiyo nilimsikia yuwacheka.
Yuwasemezana na marehemu mkewe:
"Mwanakheri, funga dirisha, naona baridi."

Baridi!
Anayelia joto mwezi wa pili, mpe maji.
Anayelia baridi, mkimbilie.

Nilipanda bila hodi.
Ngozi kavu, kavu kama karatasi ya sukari,
ya moto kama tumbo la pasi.
Nilitafuta jasho shingoni, kwapani, chini ya kofia.
Hata tone.
Saumu yuko Marikiti. Nikatia ukelele dirishani,
akaja Nyale wa mkokoteni wa maji
akamshusha na kiti chake, kama bwana harusi,
mpaka ukumbini, penye upepo wa milango miwili.
Vifungo nilivikata, sikuvifungua.
Nyale akamimina madumu mawili
wala hakutaja bei.
Nguo ya kulowesha sikuona karibu
ila niliyoivaa.
Nikaivua, nikaichovya, nikamfunika,
mtoto mmoja na upepeo wa mkaa,
mmoja na kifuniko cha sufuria, pepea, pepea,
na kikombe nikakiweka mbali,
maana mtu anayepayuka maji humpalia.

Saumu akaingia.
Akamwona baba. Akaiona leso.
Akaisoma, najua aliisoma, midomo ilicheza.
Kisha akatoka, nikasema: haya, tena.
Akarudi na beseni: barafu za ukwaju,
biashara yake yote ya kesho,
friji alikuwa hajaifungua tangu stima iende.
Akampanga mifuko kwapani, shingoni, kwenye mapaja,
mmoja ukapasuka, ukwaju ukatiririka
juu ya herufi zangu.
Hakuna aliyesema kitu.
Tuktuk ilipofika, alishika kichwa, mimi nikashika miguu.

Alilazwa usiku tatu.
Sasa kitanda chake kiko chini, hatua nne toka chooni,
na ana kopo chini ya kitanda
ambalo sote twajifanya hatulioni.

Leso ilirudi. Imefuliwa, doa halikutoka.
Niliikuta kambani,
upande wangu.

Bado hatusemezani.
Yeye huenda Marikiti, mimi hushinda nyumbani,
na jagi huwa kwangu.
Jioni Saumu hugonga ukuta mara moja.
Nami hugonga idadi ya vikombe.

Jana niligonga saba.